Matone Chini ya Gurudumu la Mbele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adila alifagia ukumbi wa nyumba yao. Alianzia kwenye mlango wa chumba cha bibi yake na kumalizia kwenye mlango mkubwa, mahali ilipoegeshwa pikipiki ya babu. Ilikuwa pikipiki nyeusi iliyotengenezwa mwaka 1974. Babu yake, Mzee Mwinyimvua, aliiendesha Bagamoyo nzima kwa miaka zaidi ya arobaini. Sasa ilikuwa wiki ya saba tangu azikwe.

Jumanne hiyo, kama siku nne zilizotangulia, Adila alikuta matone chini ya gurudumu la mbele. Aliyahesabu. Yalikuwa saba, meusi, mazito.

"Yapo?" Bibi Sihaba aliuliza kutoka chumbani.

"Yapo, Bibi."

"Analia. Mwache."

Bibi alikuwa amekaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje ila kwa dharura, hajipambi, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani ndugu wa karibu asioweza kuolewa nao. Siku zake zilikuwa ndefu na kimya, na masikio yake yalikuwa yamekuwa makali. Baba mdogo Ridhiwani alipoisukuma pikipiki kuiingiza ndani, sehemu ya mbele iligonga mara mbili, ko, ko, vilevile kama babu alivyobisha hodi akitoka msikitini. Bibi aliitika "Karibu" kabla ya kukumbuka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, siku Ridhiwani alipoiendesha kwenda Kiwangwa kuchukua mananasi. Tangu babu afariki hakuna aliyekuwa ameipanda. Asubuhi ya Ijumaa matone yakaonekana, na Bibi akasema anajua sababu.

"Asubuhi aliyofariki tuligombana," alimwambia Wahida, mama yake Adila. "Nilimwambia akauze chuma chake hicho. Akaniaga, sikumwitikia. Hatukupeana radhi, Wahida. Ndiyo maana hatulii."

Tangu siku hiyo alifunga saumu kila siku, na wakati wa kufuturu alikunywa uji nusu kikombe tu. Kanga iliyokuwa ikimkaa sawasawa sasa ilimlegea kiunoni.

Adila alijua matone yalitoka wapi.

Siku moja kabla ya khitma ya arobaini, mama alimwambia aifute pikipiki vumbi kwa kitambaa kibichi. Adila aliifuta. Lakini juu ya gurudumu la mbele kulikuwa na mabomba mawili yanayong'aa, na chumvi ya bahari ilikuwa imeyaachia madoa ya kutu. Kitambaa hakikuyatoa. Wageni wangekuja kesho yake, nao wangeona kutu kwenye pikipiki ya marehemu. Kwa hiyo alichukua vitu anavyosugulia masufuria: makumbi ya nazi, mchanga mwembamba na majivu. Alisugua kwa kuzungusha mpaka madoa yakaisha. Kwenye khitma watu waliisifu.

Matone yalipoanza, aligusa mabomba yale na vidole vikarudi na mafuta. Siku ya kwanza alinyamaza kwa hofu. Siku ya pili alinyamaza kwa sababu alikuwa amenyamaza siku ya kwanza.

Njiani kwenda shule Mardhiya, jirani yake aliyesoma naye darasa la sita, alimsogelea.

"Ati babu yenu hajaondoka?"

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima. Kaka yangu anasema ukiigusa ile pikipiki inakuuliza kama umeswali." Mardhiya alicheka, kisha akamtazama. "Mwenzangu, mbona hucheki? Unamwogopa?"

"Babu simwogopi," Adila alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Aliporudi mchana alikuta nyumba imebadilika. Bibi alikuwa ameanguka akitia udhu. Hakuumia sana, lakini mama yake alikuwa na macho mekundu, na Ridhiwani alikuwa amekwenda kumwita fundi wa pikipiki.

Fundi Husseni alifika baada ya swala ya alasiri. Bibi aliketi nyuma ya pazia la mlango wa chumba chake, naye fundi akakaa chini ukumbini na mfuko wake wa spana.

"Shikamoo, Bi Sihaba. Pole na msiba. Nimekuja kumtazama mgonjwa."

"Marahaba. Hapo hakuna mgonjwa, Husseni. Hapo yupo marehemu."

"Marehemu nilimfahamu vizuri. Hakuwahi kuvuja mafuta."

Mama aliziba mdomo kwa upande wa kanga.

Fundi aliweka gogo chini ya injini, akatoa gurudumu la mbele, kisha akashika miguu ya shokapu, inayobeba yale mabomba mawili, na kuivuta mbele na nyuma. Ko, ko.

"Hii ni bushi," fundi alisema kwa sauti ya kufika chumbani. "Ni pete ya ndani inayolishika bomba lisicheze. Imelika kwa miaka mingi, na bomba linagonga. Hodi unayoisikia, Bi Sihaba, ndiyo hii."

"Na machozi?"

Fundi alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya bomba, polepole. Ukucha ulikwama. Akapitisha tena, ukakwama tena.

"Kuna mikwaruzo. Bomba likipanda na kushuka, mikwaruzo inakata sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke. Ridhiwani, uliipitisha kwenye mchanga?"

"Njia ya Kiwangwa ina mchanga," Ridhiwani alisema. "Labda."

"Basi ni mchanga wa njia," mama alisema, kama mtu aliyetua mzigo.

Adila alisikia nafasi yake ya kuokoka. Hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa kunyamaza tu, kazi aliyokwisha kuizoea.

"Hapana," fundi alisema. "Mchanga wa njia hukwaruza juu na chini, kwa jinsi bomba linavyokwenda. Hii mikwaruzo imezunguka. Ni kazi ya mkono."

Hakumtazama mtu. Alisema kama mtu anayetaja saa.

"Mkono wa nani?" Bibi aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ndogo, na ndani ya sauti hiyo Adila alisikia kitu kilichomtisha kuliko hasira. Bibi alikuwa akingoja kutajiwa jina la mtu aliyekufa.

"Mimi, Bibi," alisema. "Niliyasugua kwa makumbi na mchanga na majivu. Nilitaka yang'ae."

"Lini?"

"Siku moja kabla ya arobaini."

"Na matone yalipoanza ulijua?"

"Nilijua siku ya kwanza."

"Leo ni ya tano."

"Ndiyo, Bibi."

Kisha kikasikika kilio nyuma ya pazia. Katika wiki zote saba Adila hakuwahi kumsikia bibi yake akilia hivyo. Mama aliingia chumbani. Fundi aliinamisha kichwa na kuendelea kufungua nati.

Kazi ilichukua siku nne. Mabomba mazuri yalipatikana Vigwaza, kwenye pikipiki ya aina ileile iliyokufa injini, na bushi mpya zilichongwa kwa shaba. Kila alasiri Adila aliosha vyuma kwa mafuta ya taa. Fundi alimfundisha kupima bomba kwa ukucha, na kumimina mafuta mapya kwa kikombe kimoja ili mguu wa kulia na wa kushoto ipate kiasi sawa. Jumamosi Ridhiwani aliizungusha mtaani, akairudisha ndani kimya kabisa.

Jioni hiyo Bibi alimwita Adila akae mbele yake.

"Unajua kwa nini nililia siku ile?"

"Kwa sababu niliharibu pikipiki."

"Mabomba yamepatikana. Nililia kwa sababu kwa siku tano nilikuwa na mume ndani ya nyumba. Ulipofungua mdomo, nikawa mjane tena."

Adila aliangalia mkeka. "Kwa hiyo ningenyamaza?"

"La. Ungesema Ijumaa ile ile. Ningelia Ijumaa, nikamwombea kama maiti anavyoombewa. Badala yake nilishinda na njaa nikiyabembeleza mafuta ya pikipiki." Bibi alimgusa goti. "Kuharibu kitu kwa kutojua, hilo humpata kila mtu, hata mimi. Lakini ukijua jambo, na mwenzako anaumia kwa kutolijua, basi ukimya wako ndio unaomuumiza. Kila siku unayoongeza, unaiongeza juu yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Naomba radhi, Bibi."

"Radhi yangu unayo. Ya babu yako mimi nitaiomba kwa Mungu." Alijifunga kanga vizuri kiunoni. "Sasa niletee wali. Na mwambie mama yako asinipakulie kama anayemlisha ndege."