Mate ya Orsine

Harufu ya machungwa ilianza Jumatatu, na karakana ile ya kusafishia picha za kale haikuwa na chungwa hata moja. Orsine Pinas, ndani ya koti lake jeupe la kazi, hakujali. Alilowesha pamba kwa mate yake, akaendelea kusugua kona nyeusi ya picha ya Bibi van Aerden. Ndivyo mafundi wa Amsterdam wanavyofanya. Hakuna dawa inayotoa uchafu wa kale taratibu kama mate ya binadamu.

Jumatano sura ikatokea gizani: mwanamke mweusi kama Orsine mwenyewe, amebeba sahani ya machungwa nyuma ya Bibi van Aerden, midomo imepasuka kwa ukavu. Ijumaa midomo ile ilikuwa imelowa. Iliyopasuka sasa ni ya Orsine.

Akampigia simu shangazi yake Hillegonda, mganga kutoka Suriname, koloni la zamani la Waholanzi.

"Shangazi, nakunywa maji wala kiu haikatiki."

"Umegusa nini?"

"Picha. Naisafisha kwa mate, kama siku zote."

"Toba! Umemnywesha mfu mate yako? Huyo ana kiu ya miaka mia nne! Kesho nakuja na maji ya kumtambikia. Akikuuliza jina, nyamaza!"

Bwana Verhulst, mkuu wa jumba la makumbusho lenye karakana ile, akachungulia. Miaka tisa alimwita Orsine "mrembo", kwa kuwa jina lake hakujisumbua kulijua.

"Mrembo, kwenye kibao cha picha andika 'Bibi van Aerden na machungwa'."

"Na huyu wa nyuma?"

"Nani atamtazama huyo?" Akacheka, akaenda zake.

Orsine akataka kumfuata, lakini miguu haikunyanyuka, na ile harufu ikamjaa kooni, na mlango aliouona hatua nne tu mbele ukazidi kusogea mbali, mpaka pichani ikatoka sauti ya chini, ya upole kabisa: "Mwenzangu, wewe unaitwa nani?"

Miaka tisa hakuna aliyemuuliza. Onyo alilikumbuka, masikini, lakini machozi yalishamtoka.

"Orsine," akajibu.

Kesho yake Hillegonda alimpita mwanamke mweusi asiyemjua, amesimama dirishani na koti jeupe la kazi la Orsine, anamenya chungwa. Alipofika mbele ya picha, kibuyu cha maji kikamponyoka.

"Huyu ni mwanangu! Orsine! Mtoeni!"

"Huyo?" Verhulst akamshika bega. "Huyo ni mtumwa tu, mama. Jina lake halijulikani."

Walinzi wakamtoa Hillegonda nje kwa adabu. Pichani, midomo ya Orsine ilizidi kupasuka.