Mstari wa Fundi Saa

Haya yalimpata dada yangu, karani wa jengo tunaloishi. Ukisema nazua, haya, mimi sina nguvu za kubishana.

Ilikuwa mchana kweupe. Milango yetu hufunguliwa kwa kadi, na dada alikuwa anawahamishia wapangaji kwenye mfumo mpya. Faili lenyewe ni maandishi matupu: kila mpangaji na mstari wake, jina na chumba vikitenganishwa na mkato. Mfumo ukauliza kitenganishi ni kipi, akajibu. Ukauliza maneno yasiyotakiwa kukatwa yamezungushiwa alama gani, akachagua alama za nukuu. Mimi, fundi kompyuta wa familia, nilikuwa pembeni natafuna karanga na kujifanya nasimamia.

Hatukuona kwamba mstari wa Fundi Saa ulikuwa na alama ya kufungua, ya kufunga haimo. Fundi Saa ni yule mzee mtengeneza saa aliyefia chumbani mwake baada ya mlango kukwama. Aligonga mpaka akachoka. Sote tulimsikia, tukadhani anapigilia misumari. Dada hakuwa na moyo wa kulifuta jina lake.

Sasa, mfumo ukikuta alama imefunguliwa, humeza kila kinachofuata ukiitafuta ya kufunga. Wapangaji wote waliokuwa chini ya marehemu wakaingia ndani ya mstari wake, na kadi zao zikawa za chumba chake. Wa kwanza dada. Wa pili mimi.

Dada akapanda kwake kufuata miwani. Kadi ikakataa. Mlango wa jirani, wa Fundi Saa, ukafunguka wenyewe. Akadhani kuna mafundi, akaingia kuwauliza. Mlango ukajifunga nyuma yake, ukagoma.

Simu yangu ikaita.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "nimefungiwa kwa Fundi Saa."

Nikamwambia atulie, aache kugonga.

"Sigongi mimi."

Karanga zikanimwagika. Kadi yangu ingeufungua mlango ule, nilijua. Nikasimama.

"Usipande," akasema. "Anakungoja."

Nikarudi kwenye mipangilio. Nikauamuru mfumo usizijali alama za nukuu. Nikapakia faili upya. Mistari ikaachana. Kila mtu na chumba chake. Huko simuni mlango ukalia, kisha nikasikia miguu ya dada ikishuka ngazi mbiombio.

Alifika peku, hana rangi. Nikamuuliza kaona nini.

"Aliniuliza nani anafuata."

"Ukamjibu?"

Dada akaangua kilio.

Nikafungua faili nimfute marehemu. Mstari wake haukuwepo. Alama ile ya kufungua ilikuwa mbele ya jina langu. Nikaifuta. Nilipofungua tena, imerudi.

Naogopa, sifichi. Kitasa cha kadi nimeking'oa, na kila ninapolala naacha mlango wazi, nimeuzuia kwa kiti kizito. Kila nikiamka nakuta mlango umefungwa. Kiti kimerudishwa mezani, na juu yake kuna skrubu ndogo za saa.