Laurette na Kapu la Maharage

Tangu alfajiri ya Jumamosi ile, Laurette hakutulia. Mara dirishani, mara kwenye kioo, mara kaishika simu anarudia salamu za Kichina. Uji ukapoa mezani.

"Keti ule," alisema Constance, mama yake. "Mwenda pole hajikwai."

"Mama, iko nafasi moja tu! Mtoto mwingine akinitangulia?"

Nafasi yenyewe ilikuwa katika darasa la Kichina la Mwalimu Lin, juu ya duka la vyombo karibu na soko la Warwick, ambako Constance alikuwa msusi. Laurette, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amelililia darasa hilo mwaka mzima.

Walipofika, alipanda ngazi mbio akamwacha mama yake nyuma. Mlangoni bibi kizee wa Kichina alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua maharage kapuni. Laurette alimwona vizuri kabisa, lakini macho yalikuwa kwa mwalimu kule ndani. Akaruka kapu, mguu ukaligonga, maharage yakatapakaa sakafuni. Wala hakugeuka!

"Nin hao, laoshi!" alisema, yaani hujambo, mwalimu, kwa heshima zote na matamshi safi.

Mwalimu Lin hakutabasamu. "Umesema vizuri. Na mama yangu pale mlangoni, umemsalimia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Laurette: sikumwona. Akageuka, akamkuta Constance amefika, amepiga magoti, anaokota maharage. Lo, aibu iliyoje!

"Nilimwona, mwalimu," akasema. "Niliogopa kukosa nafasi, nikampita."

Hakungoja jibu. Alirudi mlangoni, akapiga magoti kando ya mama yake, akaokota hadi punje ya mwisho. Kisha akainamisha kichwa mbele ya bibi. "Nainai hao." Hujambo, bibi.

Bibi alimtazama weee, mpaka Laurette akataka kulia. Halafu akatoa chungwa mfukoni. Laurette akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa nyumbani. Bibi akacheka, akasema kitu kwa Kichina.

"Anasema mikono yako ina adabu kuliko miguu yako," Mwalimu Lin alieleza, naye sasa akicheka. "Kwetu mtoto akiingia mahali huanza kwa mkubwa kuliko wote, haanzi kwa yule anayemhitaji. Umesema kweli, nafasi ni yako."

"Na kwetu ni vilevile," alisema Constance, akijipangusa magoti. "Ukikariri salamu zote za dunia kisha ukampita mtu mlangoni, mwanangu, bado hujasalimia."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Bibi akapigapiga kigoda cha pili kando yake. Laurette akaketi, akachambua maharage mpaka yakaisha, wala hakuuliza darasa linaanza saa ngapi.