Kurunzi kwenye Safu ya Nne

Kila Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, jumba la sinema la mtaa ule lilikuwa na mtazamaji mmoja tu. Milango ilifungwa, mapazia mazito yakashushwa, na Mama Kurunzi akakaa safu ya nne, kiti cha pembeni, mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Juu, katika chumba cha mtambo, mumewe alimwonyesha filamu ambayo watu wengine wangeiona wiki iliyofuata.

Msidhani ilikuwa anasa, ilikuwa kazi. Jumba lenyewe lilikuwa dogo, hakuna aliyekuwa na habari ya kuliletea mabango ya kuchapishwa, kwa hiyo bango la ZIJAZO pale mlangoni lilichorwa kwa mkono, na mchoraji alikuwa mama huyo. Naye hakuchora filamu asiyoiona. Alitazama mpaka apate uso mmoja uliobeba hadithi nzima, na akiupata alinyoosha mkono juu. Mumewe, aliyekuwa akichungulia kwenye kidirisha cha mtambo, alichomeka kikaratasi kwenye mkanda palepale ulipokuwa ukijikunja. Filamu ikiisha waliurudisha mkanda mezani, wakauinua mbele ya taa, na mama akaunakili ule uso kwa penseli. Walifanya hivyo tangu walipooana. Watu wa mtaa walisema wale wawili hawana haja ya kuongea, mmoja akiinua mkono tu mwenzake anajua chumvi imezidi.

Kurunzi alikuwa binti yao wa pekee. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ndiye aliyewaongoza wachelewaji gizani mpaka vitini, tochi ikining'inia mkononi kwa uzi mwekundu wa sufu. Tangu akiwa mdogo alikuwa na mchezo wake na babake. Alipanda ngazi kimyakimya mpaka chumba cha mtambo, akaiweka tochi chini ya kidevu, akaiwasha, akasema kwa sauti ya zimwi, "Baba, nitazame!" Babake alipiga ukelele na kujifunika macho kwa viganja vyote viwili. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Hata alipokuwa mwanamke mzima mchezo haukwisha, na baba hakuwahi kusahau kujifunika macho.

Kurunzi alikufa kwa ajali ya barabarani, akirudi kutoka kumjulia hali shangazi yake.

Baba Kurunzi alikwenda peke yake kuutambua mwili. Aliyoyaona hakumwambia mtu. Alirudi na jeneza lililopigwa misumari, na mkewe alipolikumbatia na kuomba auone uso tu, uso peke yake, hata kwa kufumba na kufumbua, alimwondoa mikono kwa upole. "Mama Kurunzi, baki na sura aliyoondoka nayo hapa nyumbani," alimwambia. Akaona amemsaidia. Na labda alimsaidia, nani ajuaye? Uchungu wa mwana aujua mzazi, lakini hapo wazazi walikuwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyeuaga mwili.

Tangu siku hiyo mama hakuchora uso tena. Mabango yake yalijaa watu waliogeuka: mapenzi ya visogo, vita ya visogo, polisi na mwizi wote wakimpa mtazamaji mgongo. Mdogo wake, aliyekuwa akikata tiketi, siku moja alijisahau akatania, "Dada, wiki hii tena tunauza visogo?" Kisha akajiuma ulimi, akaingia kibandani mwake kulia.

Alhamisi moja ililetwa filamu ya kuchekesha, ya zamani sana, iliyopigwa kabla hata wao hawajaoana. Mle ndani kulikuwa na soko. Mchekeshaji anateleza kwenye maganda, watu wanacheka. Baba Kurunzi alichungulia kidirishani akaona mkono wa mkewe uko juu. Alishangaa, kwa sababu hapakuwa na uso wa maana pale. Hata hivyo akachomeka kikaratasi.

Mezani waliuinua mkanda mbele ya taa. Mama alinyoosha kidole mahali nyuma kabisa ya umati, penye vikapu. Msichana amesimama, amegeuza mgongo. Nywele zimesukwa mistari mikubwa, zikafungwa nyuma kama alivyozifunga binti yao. Mkononi kuna kitu kinaning'inia kwa uzi.

"Watu hufanana," alisema mume.

Mke alikuwa akitabasamu.

Wiki iliyofuata ilikuwa filamu ya kivita, kutoka nchi nyingine kabisa. Kituo cha treni, askari wanaagana na wake zao. Mkono ukapanda. Msichana alikuwepo, nyuma ya mizigo, na safari hii alikuwa karibu zaidi. Uzi ulionekana wazi. Filamu ile haikuwa na rangi, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho, lakini uzi ulikuwa mwekundu.

Baada ya hapo ikaja ya harusi. Msichana amesimama mlangoni mwa ukumbi, hatua chache tu kutoka kwa bibi harusi, na shingo yake imeanza kugeuka. Sikio lilionekana. Shavu kidogo. Mama aliligusa lile shavu kwenye mkanda kwa ncha ya ukucha.

Nyumbani mambo yalibadilika. Mama Kurunzi alianza kuimba akipika. Alitoa nguo ya kijani aliyokuwa ameifungia sandukuni, akainyoosha kwa pasi. Usiku alimgusa mumewe bega. "Wiki ijayo atageuka," alinong'ona. "Nitamwona, Baba Kurunzi. Kumbe alikuwa anakuja."

Mume alijifanya amelala. Mkewe alikuwa akiingoja sura moja, na yeye aliijua nyingine. Alikuwa ameiona chini ya shuka, kwenye chumba baridi, na tangu siku hiyo hakuna alfajiri iliyopita bila kuiona tena. Msichana yule akigeuka, atageuka na sura ipi?

Mkanda wa filamu iliyofuata ulipofika, hakuingoja Alhamisi. Asubuhi, jumba likiwa tupu, aliupeleka mezani akaupitisha mikononi polepole mbele ya taa. Alimkuta msichana katikati ya filamu. Barabara ya mjini, watu wanapita, na yeye amesimama mbele ya wote, mkubwa, akijaza picha. Kipande baada ya kipande shingo iligeuka. Sikio. Shavu. Pembe ya jicho.

Hapo Baba Kurunzi aliziba kilichobaki kwa kiganja. Alichukua mkasi akakata mwanzo, akapapasa mpaka barabara isiyo na yule msichana, akakata mwisho. Alikuwa mtu aliyekata na kuunga mikanda maisha yake yote. Aliziunga ncha mbili kwa gundi. Kipande alikikunja bila kukitazama, akakitia kwenye kopo la majani ya chai, akalifunga. "Nisamehe, mwanangu," aliliambia kopo.

Alhamisi mkewe alikuja amevaa nguo ya kijani.

Alikaa safu ya nne. Taa zikazimwa. Filamu ikaenda, ikafika barabarani, watu wakapita, ikaruka kidogo pale penye gundi kama mtu aliyejikwaa, ikaendelea. Mkono haukupanda. Filamu ikaisha. Kitambaa cha kuonyeshea kikabaki cheupe mpaka mtambo ukazimwa, na mama hakuinuka.

Halafu ngazi zikalia. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mtambo, akasema taratibu sana.

"Umemkata."

Mume alitazama chini.

"Nimekaa na wewe miaka yote hii, nisiijue gundi yako? Ulinipigilia jeneza, nikanyamaza. Nikasema mwanamume ameona makubwa, nimwache. Leo amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, na umemkata kwa mkasi. Mimi nimekukosea nini?"

"Mke wangu, hujui nilichokiona kule."

"Ndiyo. Sijui. Hicho ndicho ninachokulilia."

Mwanamume aliyedhani anamkinga mkewe aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba alikuwa akijikinga mwenyewe. Alilitoa kopo, akalifungua, akamkabidhi kile kipande. Mama alikiinua mbele ya taa. Alikipitisha chote, mwanzo hadi mwisho, kisha akakipitisha tena.

Barabara. Watu wanapita. Pale katikati, aliposimama msichana, palikuwa patupu.

"Yuko wapi?" mama aliuliza.

Chini, ukumbini, kitu kilibofywa, kama swichi ya tochi.

Walisogea kidirishani wote wawili, bega kwa bega. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani, na funguo alikuwa nazo mume mfukoni. Kule nyuma, kwenye safu ya mwisho, duara dogo la mwanga lilikuwa limeanguka sakafuni. Lilitulia kidogo. Kisha likaanza kushuka.

Safu moja. Likasimama. Safu nyingine. Likasimama. Lilikwenda chinichini, karibu na zulia, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuwasumbua waliokwisha kukaa. Hapakuwa na mlio wa nyayo. Lilifika safu ya nne. Likapanda juu ya kiti cha pembeni. Likabaki pale, likingoja mtu akae.

"Usiende," mume alinong'ona.

Lakini mkewe alikuwa ameshafika ngazini, na nguo yake ya kijani ikapotea gizani.

Swichi ya taa za ukumbi ilikuwa ukutani, karibu na mkono wa Baba Kurunzi. Kidole kilikwisha kuigusa. Angebonyeza tu, na yote yangeisha. Alifikiria misumari ya jeneza. Alifikiria mkasi. Akaushusha mkono, na huenda hilo ndilo jambo jema pekee alilolifanya mwaka ule.

Alimwona mkewe akifika, akikaa, mikono magotini. Mwanga ukainuka nyuma yake, upande wa mtambo, naye akageuka kuuelekea. Ukasimama kimo cha kidevu. Kutoka kidirishani alichoweza kuona ni kisogo tu, mistari mikubwa ya nywele, weusi wa mabega, na mbele yake uso wa mkewe uliomulikwa wote. Alingoja ukelele.

Mama Kurunzi aliinua macho. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni wewe tu, mwanangu," alisema. "Ni wewe tu."

Kisha kile kisogo kikaanza kugeuka, kuelekea juu. Kuelekea kidirishani.

Sikio.

Shavu.

"Baba," sauti ilisema, na ilikuwa karibu, karibu mno, upande huu wa kioo. "Nitazame."

Baba Kurunzi alijifunika macho kwa viganja vyote viwili.

Mwanga ulimpita viganja, ukampita kope, mpaka kila kitu kikawa chekundu. Ulingoja. Aliusikia ukingoja. Alijiambia fungua, mjinga wewe, ni mtoto wako, mkeo amemtazama na hakufa. Alikuwa bado anajiambia hivyo wekundu ulipofifia. Tochi ilibofywa. Alipofungua macho ukumbi ulikuwa na mtu mmoja, safu ya nne, analia kama watu wanavyolia msibani baada ya kuaga.

Siku hiyohiyo Mama Kurunzi alichora. Alitoa bango nje, akaliegemeza ukutani, akachora mpaka jua likazama. Uso. Wa kwanza tangu msiba. Mdogo wake alitoka kwenye kibanda cha tiketi, akaanguka magotini palepale kwenye lami. "Dada! Ni yeye kabisa! Hata kale kacheko!" Wapita njia walisimama, wateja wa zamani wakafuta machozi. Mama mmoja alisema binti amechorwa akiwa na furaha, utadhani anataka kusema kitu.

Baba Kurunzi alitoka akatazama. Aliona mistari mikubwa ya nywele. Aliona mabega. Uzi mwekundu.

Alijipenyeza mpaka mbele ya wote. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Kisogo.

"Macho yake yanatazama wapi?" alimuuliza shemeji yake.

"Unaniuliza mimi? Si yanakutazama wewe! Mwenye macho haambiwi tazama, shemeji."

Bango lile halikubadilishwa tena. Filamu zilikuja zikaenda, zikatangazwa kwenye ubao mwingine, na lile likabaki mlangoni pake na neno lake juu, ZIJAZO, mpaka mvua zikapita na jua likapita. Kila jioni kabla ya kupanda kuwasha mtambo, mwanamume huyo alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu aliyenyimwa mlango. Chumbani mwake alikuwa amekitoa kioo cha kidirisha. Alisema anataka hewa.

Mwishowe mkewe alimhurumia. Alitoka akasimama kando yake, hakumwuliza kitu, kwani alikuwa amejua siku nyingi. Alimshika mkono wa kulia, akakunjua kidole cha shahada, akakipeleka kwenye bango taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuandika.

"Hapa ndipo paji," alimwambia. "Hapa pua yako, uliyompa wewe. Hiki kidevu. Hapa anacheka, unaona? Na hapa, jicho."

Kidole kilipita juu ya nywele zilizosukwa, maana hakuwa akiona kingine. Alilia bila kujificha, mbele za watu, na mkewe hakumwachia mkono.

Rangi ya bango ilikuwa imeshakauka zamani, imeanza hata kupasuka kwenye kingo. Lakini alipoondoa kidole mahali pale palipoitwa jicho, ncha yake ilikuwa imelowa.