Mheshimiwa Anatangaza Maslahi

— Mimi ni mchumba wako au ni muswada? nilimuuliza. Maana kila kikao unaniahirisha.

Hakucheka. Alikuwa amekaa jikoni kwake, suti ya bungeni bado mwilini, viatu pembeni, na mimi nimesimama mlangoni na begi la vifaa begani. Mimi ni fundi wa mafriji. Tulijuana siku friji lake lilipogoma, na tangu hapo, kwa mujibu wa majirani, friji la Mheshimiwa halijawahi kupona. Kila nikienda kumwona ilibidi nibebe begi, na wakati mwingine nigongegonge bomba kidogo ili wasikie.

Kisa cha kujificha kilikuwa baba yangu. Baba ni mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mkaa. Mpenzi wangu ndiye mbunge aliyekuwa anapigania sheria mpya ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi, ile yenye kifungu cha kufunga matanuri yote ya mkaa kwenye misitu ya asili. Wapenda mazingira wangesema amenunuliwa. Baba angesema nimemgeuka. Kwa hiyo akaniomba tusubiri sheria ipite kwanza, nami nikakubali. Sheria yenyewe ikawa inaenda kwenye kamati, inarudi, inasogezwa mbele, na mimi nazeeka na begi langu.

— Nivumilie kidogo tu, alisema. Wiki hii tunapiga kura.

— Ulisema hivyo hivyo kikao kilichopita.

— Nikikutaja sasa watauua muswada. Kule jimboni kwangu mvua zimegoma, mto umebaki mchanga mtupu. Unajua hilo.

— Najua. Na mimi je?

Nikamwambia atafute fundi mwingine, wa friji na wa moyo pia. Nikatoka nimenuna, nikitembea taratibu ili kama anataka kunifuata asipate shida. Hakunifuata.

Siku ya mjadala baba akanipigia simu asubuhi.

— Nipeleke bungeni. Nataka nimwone kwa macho yangu huyo mwanamke anayetaka kunizimia moto.

Nilimpiga chenga zote ninazozijua. Nikasema gari bovu, akasema tutachukua teksi. Nikasema tumbo linaniuma, akasema bungeni kuna zahanati. Na mjue kwamba baba yangu hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi. Mama akiwa na jambo refu la kumweleza humngoja ajaze mdomo chakula.

Mlangoni walichukua simu zetu. Kwenye viti vya wageni askari wa bunge akatupa masharti: hakuna kupiga makofi, hakuna kuongea, hata kuguna marufuku, na atakayekaidi atatolewa nje. Baba akanitazama kana kwamba ni mimi niliyetunga kanuni hizo.

Mjadala ukaanza. Spika akakumbusha kwamba mbunge yeyote mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatangaze kabla ya kuchangia. Mmoja akasimama akasema ana kiwanda cha mbao. Mwingine ana duka la majiko ya gesi. Wa tatu akasema ana ng'ombe ambao huingia msituni kula bila yeye kuwatuma, na watu wakavunjika mbavu. Kisha akaitwa mpenzi wangu.

Hakuniona, maana nilikuwa nimejikunyata nyuma ya bega la baba. Angeweza kuanza hotuba yake moja kwa moja, na hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye angejua lolote. Mimi mwenyewe si nilikuwa nimeshamwacha? Nilimwona akiweka karatasi zake chini.

— Mheshimiwa Spika, kabla sijachangia, nina maslahi ya kutangaza.

— Tangaza, Mheshimiwa.

— Nina mchumba. Ni fundi wa mafriji. Baba yake ndiye mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mkaa.

Ukumbi ukalipuka. Meza zilipigwa mpaka bilauri zikacheza. Mbunge mmoja wa upande wa pili akainuka kuomba taarifa: je, posa imeshapelekwa? Spika akamwambia akae chini, ingawa ukimtazama usoni, naye alikuwa anataka kujua.

— Mheshimiwa, unaridhia maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge?

— Yaingie, Mheshimiwa Spika. Na iandikwe kwamba nampenda. Nilichelewa kulisema.

Nilihisi machozi yananitoka, nikajifanya napangusa jasho. Baba akaniinamia sikioni.

— Mwenyekiti gani huyo?

— Ni wewe, baba.

— Mimi nina mtoto mmoja tu wa kiume.

— Ndiyo, baba.

Akafungua mdomo. Askari akainua kidole. Baba akaufunga. Nimeishi naye maisha yangu yote, sikuwahi kuliona jambo hilo.

Basi akasikiliza, angefanyaje? Alikaa pale akimeza maneno kama mgonjwa anayemeza vidonge, huku mpenzi wangu akieleza jinsi misimu ya mvua ilivyovurugika, na akina mama wa jimboni kwake wanavyochimba mchanga wa mtoni kutafuta maji. Alisema wauza mkaa si maadui wa mtu. Alisema kifungu kinachofuata, ambacho wengi hawakifikii, kinawapa wao nafasi ya kwanza kwenye mashamba ya miti ya kupandwa, wakate walichopanda wenyewe. Hapo baba alinyoosha shingo. Kisha yule mbunge wa taarifa akaruhusiwa kuuliza swali, akauliza kwa upole kabisa: kwa kuwa sasa mambo ni ya kifamilia, Mheshimiwa haoni vyema kifungu cha kufunga matanuri kiondolewe?

— Hapana. Kibaki kama kilivyo. Huenda mkwe wangu akanichukia, na nitaumia sana. Lakini msitu ukiisha, hata yeye hatakuwa na cha kuuza.

Spika alipowahoji, waliosema ndiyo waliwafunika waliosema siyo. Muswada ukapita.

Nje tulirudishiwa simu. Kwenye yangu kulikuwa na ujumbe ulioingia tukiwa ndani: "Leo nakutaja mbele ya watu wote. Hata kama umeshaniacha, nakutaja." Nilikuwa bado nausoma aliposhuka ngazi, akatuona, akasimama kama aliyekanyaga msumari. Kisha akaja moja kwa moja kwa baba.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Umenizimia matanuri.

— Ndiyo, baba.

— Na mwanangu unamtaka.

— Namtaka sana.

— Yule bwana alikufungulia mlango wa kunihurumia. Mbona hukupita?

— Ningekuwa nakudanganya wewe, na nawadanganya walionituma bungeni. Sikuweza, baba.

Baba alikaa kimya, safari hii bila kuinuliwa kidole na mtu.

— Hayo mashamba ya miti, akasema, mbona hakuna aliyeniambia?

Niliwahi kumwambia. Sikufika hata katikati.

— Sheria yako siipendi, baba akaendelea. Na nitakuja kwenye kamati zenu kubishana nawe mpaka unikome. Lakini mwanamke asiyeyumba hata mbele ya mkwe, mwanangu amuoe haraka kabla hajapata akili.

Mpenzi wangu alicheka, machozi yakimtoka. Kisha akanigeukia mimi, na kicheko kikaisha.

— Kulidanganya Bunge ni kosa, alisema. Nimetangaza kwamba nina mchumba, na mchumba mwenyewe juzi aliniacha jikoni. Sasa niambie. Kama sina, narudi ndani nikaombe radhi.

Waandishi wa habari waligeuka. Askari wa bunge aligeuka. Baba alinipiga jicho ambalo nalijua tangu utotoni.

— Usirudi, nikamwambia. Ulichosema ni kweli tupu.

Akanikumbatia pale pale kwenye ngazi, mbele ya kamera zote, na mimi sikujua mikono niiweke wapi kwa furaha. Baba alikuwa ameshampigia mama, anamtajia tarehe ya harusi ambayo hata sisi hatukuwa tumeipanga.