Chupa ya Pangoni

Mimi ni mtu niliyezunguka. Nimepika melini hadi Basra na Rangoon, nimekula vitu ambavyo mpaka leo sijui majina yake, na bado, hapa hapa Mtongwe, mwaka mmoja wa vita, nilitafuna shanga nikidhani ni korosho.

Zilikuwa kwenye karai la majivu, barazani kwa rafiki yangu Badi. Sikuuliza. Nilirusha moja mdomoni, ulimi ukaungua, nikapiga yowe mbele ya mkewe Barke na Bi Zubeda, mama mzazi wa Barke.

"Shemeji," Barke alisema, machozi ya kicheko yakimtoka, "hata kuku hutazama kabla ya kudonoa!"

Badi alikuwa fundi wa mabomba. Jioni taa yake ya kazi, ile ya kupampu inayotoa ulimi wa moto wa buluu, aliigeuza mchezo wake. Aliyeyusha vipande vya chupa, akavizungusha kwenye waya uliopakwa udongo mpaka vikawa shanga, kisha akazifukia majivuni zipoe polepole zisipasuke. Hakuwa akiuza. Alimtungia mkewe za kiunoni, maana vita vilikuwa vimezimaliza madukani.

Nilipoitema ile korosho yangu, mdomo wote ulinuka marashi. Nikacheka. Kioo kilichopita motoni kitanukaje marashi?

Haukupita muda Barke akaanza kulalamika kuwa shanga zinambana. Badi akalegeza uzi. Ikifika adhuhuri, zinambana tena. Tena tukawa tunasikia chumbani, nyuma ya mlango, shanga zikisuguana taratibu kama mtu anayevuta uradi, hali Barke mwenyewe yuko uani anafua.

Na siku alipoanguka jikoni, jua likiwa utosini, marashi yakajaa nyumba nzima, na chini ya marashi ikaja harufu ya nyama inayoungua, na tulipofika tukakuta kanga imetoboka kiunoni na shanga zinawaka kama makaa, zimejichimbia ngozini, na Badi anavuta uzi kwa vidole vitupu na uzi haukatiki, na Barke halii, anatabasamu tu, ndipo Bi Zubeda alipomshika mkwewe bega na kumnong'oneza:

"Badi, mwanangu, chupa hii uliitoa wapi?"

"Pangoni, mama. Kule kwenye mzimu, watu wanakoweka nadhiri. Wallahi ilikuwa tupu! Marashi yamekwisha mwagwa, nikaona chupa nzuri ya kijani inakaa bure."

"Marashi ni ya kumkaribisha mwenye pango tu. Chupa ndiyo yake." Bi Zubeda alikaa chini. "Niliipeleka mimi. Barke alikuwa mchanga, hapumui. Ile ndiyo iliyomkomboa."

Tukamwita mganga, Mwana Kafedha. Alipofukiza ubani uzi ulikatika wenyewe, shanga zikamwagika sakafuni, na kinywani mwa Barke ikatoka sauti ya mzee wa kiume, kavu.

"Nilipewa chupa, nikawaachia mtoto. Chupa mmeichukua. Irudisheni kama ilivyokuwa, kabla ya Ijumaa kupita."

Badi aliahidi mbuzi. Akaahidi chupa mpya, za rangi yoyote.

"Yangu," ilisema ile sauti.

Basi Badi akaziokota shanga zote, akawasha taa aziyeyushe. Alijua kutengeneza shanga tu. Chupa hakuwahi kuijaribu maishani. Alipuliza kwa kipande cha bomba, kioo kikachuruzika. Alipuliza tena, kikapasuka, na kule chumbani Barke akaguna kama aliyepasuka yeye. Mimi nilishika pampu. Nilijaribu mzaha mmoja. Hakucheka mtu, hata mimi.

Ijumaa, watu wakirudi msikitini, Badi aliingia chumbani na kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na donge la kijani, limepinda, halina mdomo wala tumbo.

"Usimdanganye," Mwana Kafedha alinong'ona. "Sema ukweli."

Badi akapiga magoti, vidole vimejaa malengelenge.

"Bwana wangu, mimi si fundi wa chupa. Nimeshindwa. Lakini kioo ni kile kile, hakikupungua hata chembe. Kipokee, unirudishie mke wangu."

Barke alilichukua lile donge. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalinusa, akalipakata kama mtoto.

"Nitakurudishia," ilisema ile sauti. "Hivi hivi, kama ulivyonirudishia chupa. Hatapungua hata chembe."