Sauti Kutoka Ndani ya Kontena

Mlango wa chuma ulibamizwa. Kufuli likalia kwa nje.

Apondi aliusukuma kwa bega. Haukutikisika.

"Madam, ungekaa tu Nairobi," Phineas alisema kutoka upande wa pili, kwa upole wa mtu anayemuaga mgeni. "Hizo vidonge nimerusha ndani ni za kuua wadudu wa mahindi. Hautasikia uchungu. Utalala tu."

Hatua zake zikaenda zikififia.

Alikuwa amemfuata huyo mwanamume tangu katikati ya Eldoret, Hilux nyeupe mbele, yeye nyuma, mpaka kwenye kontena hili nyuma ya ghala la nafaka kando ya barabara ya Turbo. Phineas alikuwa akimngoja. Alimnyang'anya bastola, Ceska yake ya miaka yote, kisha akamsukuma ndani.

Harufu kama ya kitunguu saumu ilianza kupanda.

Alitoa simu. Hakuna mtandao. Kuta za chuma zilikuwa zimemeza kila kitu.

Mbele yake taa za kijani zilimeta. Mtambo wa kurushia matangazo. Huo ndio aliokuwa akiutafuta. Sauti ilitoka studio moja ya Malaba, upande wa Uganda, yenye leseni halali ya huko, ikashuka hapa kwa dishi, ikarushwa Eldoret nzima bila ruhusa ya mtu. Wenye mpango, waliomtuma Phineas, walikuwa wageni waliotaka mashamba ya Turbo yabaki bila wenyewe. Katika habari za saa saba mchana wangerusha sauti ya bandia, iliyotengenezwa kwa kompyuta, ya afisa wa usalama akisema nyumba zimechomwa katika kijiji cha Chepsaita na majirani wa kabila jingine.

Hakuna nyumba iliyochomwa. Lakini kufikia jioni zingekuwa zimechomwa kweli.

Apondi alizaliwa katika mji huu, binti wa fundi aliyetoka kando ya ziwa. Alijua jinsi uvumi unavyofika mlangoni kabla ya rungu.

Angeweza kuung'oa mtambo. Ila msituni Kaptagat kulikuwa na mwingine wa akiba, ambao ungewaka wenyewe mara huu ukinyamaza. Dawa ilikuwa moja tu: kuzima chanzo. Na nje ya studio ya Malaba alisimama Nabalayo, jasusi mwenzake kutoka Uganda, pamoja na askari. Kwa makubaliano ya wasimamizi wa utangazaji wa nchi hizi mbili, Nabalayo hangeweza kuigusa studio yenye leseni mpaka afisa wa Kenya athibitishe kwa macho yake kwamba sauti ya studio hiyo inavushwa hadi Kenya. Neno la siri walikuwa wamekubaliana.

Neno analo. Pa kulisemea hana.

Alikohoa. Kifua kilibana. Saa ya mtambo ilisonga karibu na saa saba.

Hapo akautazama tena mtambo, safari hii si kama adui.

Alichomoa waya wa dishi. Kutoka kwenye ukosi wa koti akatoa maikrofoni ndogo kama punje ya mahindi, akaiunganisha kwa vidole vilivyoanza kufa ganzi. Nabalayo alikuwa na kipokezi kilichofunguliwa kwenye masafa haya haya. Kama bado anasikiliza.

"Jirani, zima taa," Apondi alisema. "Narudia. Jirani, zima taa."

Eldoret yote ilimsikia.

Akaona hana cha kupoteza. Aliwaambia wasikilizaji kwamba hakuna moto Chepsaita, kwamba atakayesema upo anadanganya, na kwamba yeye amefungiwa kwenye kontena la buluu nyuma ya ghala. "Kuna sumu hapa ndani. Njooni na kitu cha kukata kufuli."

Giza.

Phineas alikuwa amekata umeme kutoka nje.

Apondi aliketi sakafuni. Sasa Kaptagat ilikuwa imewaka. Ikiwa Nabalayo hakusikia, uongo ulikuwa unatoka wakati huu huu, na yeye yumo tumboni mwa chuma, hajui. Alibandika mdomo kwenye ufa wa mlango, akavuta uzi wa hewa.

Nje, vishindo. Mtu alitukana. Chuma kikalia juu ya chuma, kufuli likakatika, na mwanga ukamwangukia usoni.

Mama mmoja alisimama hapo na mkasi wa kukata nondo. Alikuwa Muthoni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Kando yake jirani yake Jepkemboi, muuza maziwa, alikuwa amemkalia Phineas mgongoni, na vijana wa boda boda wamemshika miguu.

"Tulikusikia kwa redio," Muthoni alisema, akimvuta nje kwa kwapa. "Sisi wote wawili."

"Na sasa redio inasema nini, Mama?"

Wakatega sikio. Kutoka dukani redio ilisikika wazi. Ilikuwa ikikoroma tu, tupu, bila neno.

Simu ya Apondi ikapata mtandao, ikalia.

"Tumefunga studio," Nabalayo alisema. "Wote wana pingu. Lakini dada, umetangaza bila leseni. Kwa nchi mbili."

"Nishtaki."

Alichomoa Ceska yake kutoka kiunoni mwa Phineas, akawashukuru wale akina mama mmoja mmoja kwa mkono, akapanda boda boda.

"Hospitali," alimwambia mwendeshaji. "Lakini polepole. Nataka hewa."